Deni la Lempi

Tulinunuliwa Jumatano, wakati wa chakula cha mchana,
katika mahakama ya New York ambayo sijaiona.
Mnada, kama ng'ombe wa mkopo ulioshindikana.
Habari ilifika Duluth kwa faksi,
na faksi yetu ilikuwa imeishiwa wino,
kwa hiyo tulijua tumeuzwa
ila bei hatukuisoma.

Mnunuzi: watu wa setilaiti.
Wale wa madishi. Kutoka mlangoni kwetu
nilihesabu kumi na manne juu ya mapaa,
yamejaa theluji, yametega sikio kusini.
Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga.
Chetu kilikuwa juu ya paa la jirani.
Kilitula miaka sita,
kisha kikaja kununua mifupa.

Ardis, meneja, alisoma barua ya pili kwa sauti.
Alipofika kwenye neno "familia"
alivua miwani, akaifuta,
hakuivaa tena.
Tou akauliza: wanataka nini hapa?
Diski zenye mikwaruzo?
Mashine ya bisi iliyoungua upande mmoja?

Walitaka majina.
Alikuja kijana na kompyuta yake,
akakaa chini kwenye filamu za kutisha
kwa kuwa ndiko kwenye soketi,
akanyonya orodha ya wanachama, elfu kumi na moja na ushei,
waliohama, walioachana, waliokufa,
wote wakaenea ndani ya kitu
kisichozidi kidole gumba.

Sasa, Reino Kangas.
Mstaafu wa gati la madini ya chuma.
Kila Ijumaa, saa kumi na mbili kasorobo,
buti zimeganda chumvi ya barabarani.
Hakodi kitu. Anaegemea kaunta.
"Lempi bado anadaiwa?"
Naangalia, ingawa najua.
"Anadaiwa. Dola nne na senti hamsini."
Filamu ya vichekesho, ilichelewa kurudi siku tatu,
Novemba ile, wiki ile,
ambayo nyumbani kwao hakuna aliyekumbuka filamu.
"Mwanamke huyo," anasema, anatikisa kichwa.
"Hata maktaba alikuwa hivyo hivyo."
Kisha anatoka.

Dawa ya deni kulipa, nani hajui?
Reino hakutaka kupona.

Barua ya tatu: faini zote zimesamehewa.
Bonyeza hapa.
Ardis aliniachia mimi, akaenda kuhesabu rafu
alizokwisha kuzihesabu.
Kompyuta haikuuliza mara mbili.

Ijumaa nilimwambia ukweli. Hadaiwi tena.
Alisimama mpaka chumvi ikayeyuka
ikafanya kidimbwi kwenye zulia.
"Nani kalipa?"
"Wenye madishi."
"Hawamjui," akasema,
na akafunga mlango kwa mikono miwili,
kama mtu anayeogopa kuuvunja.

Machi tuliuza rafu. Tou alichukua kiti.
Mimi nilichukua kile kidude cha kugonga tarehe,
sijui kwa nini. Kimekwama siku ya tarehe tisa.

Wiki ya mwisho, Jumanne, siyo siku yake,
Reino aliingia bila kofia, bahasha mkononi.
*Mpendwa Lempi. Tumekukosa.*
*Miezi mitatu bure.*
"Wamemtafuta," akasema. "Mpaka nyumbani."
Nilijua ni orodha. Nilijua kidole gumba.
Nikasema, "Naona."

Siku hizi niko duka la vifaa vya ujenzi.
Nikipita mtaani kwao naliona dishi,
la kumi na tano, limepinda kidogo.
Televisheni haiwaki.
Ijumaa anakuja kununua msumari mmoja,
anafungua bili taratibu juu ya kaunta,
jina lake juu, herufi kubwa:
dola thelathini na nne.

"Mwanamke huyo," anasema.
Anaikunja, anairudisha mfukoni.
"Wamempa hadi tarehe ishirini."